Sura ya 6: Ngwe Zisizo na Ua

Mwishoni mwa Novemba, wakati jua la katikati ya Uingereza linazama saa kumi jioni na ngano iliyopandwa msimu wa vuli imeanza kuchungulia, wakulima wa kijiji cha Laxton hupanda tela la trekta na kwenda kukaguana. Wako 12. Wana mabuti ya mpira, nyundo nzito na vigingi vya mbao. Kazi yao ni kupita ngwe moja baada ya nyingine katika shamba lililopandwa ngano mwaka huo na kuangalia kama kila mtu amelima kilicho chake tu.

Wanasimama kwenye ncha ya ngwe. Mmoja anafunga jicho na kuupima mstari kutoka kigingi hiki mpaka kile cha upande wa pili. Mahali ambapo kigingi kimeng'oka au kimezikwa na plau, kingine kinapigiliwa hapo hapo, mbele ya macho ya wote. Mahali ambapo mtu ameingiza mfuo mmoja katika ngwe ya jirani, au amemega ukingo wa majani ambao ni mali ya kijiji kizima, kosa linaandikwa. Huenda aliyefanya kosa amesimama pale pale, akiwa mmoja wa wakaguzi, na itambidi asikilize wenzake wakijadili mfuo wake. Baada ya ukaguzi huingia katika baa ya Dovecote, wakala chakula cha mchana na kukadiria faini.

Wiki moja baadaye baraza lenyewe linakaa, katika baa hiyo hiyo. Linaitwa Court Leet, na msimamizi anayelisimamia huteuliwa na mwenye milki. Majina ya watu wanaopaswa kuhudhuria husomwa kwa sauti, na asiyekuja bila udhuru hutozwa peni chache. Jopo la wale wakulima 12 hueleza lilichokiona shambani, faini hutangazwa, kisha jopo jipya huapishwa kwa ajili ya shamba litakalopandwa ngano mwaka unaofuata. Faini zenyewe ni ndogo. Mkulima anayemiliki trekta ya maelfu ya pauni hawezi kufilisika kwa faini ya pauni chache. Kinachomuuma ni kusomwa jina lake mbele ya majirani.

Laxton iko katika mkoa wa Nottinghamshire, kaskazini-magharibi mwa mji wa Newark. Mashariki yake, mwendo mfupi kwa miguu, kuna kitongoji cha Moorhouse, chenye nyumba chache na kanisa dogo la mawe la karne ya 19. Zamani karibu kila kijiji cha eneo hili la Uingereza kilikuwa na mashamba ya wazi na baraza la namna hii. Leo Laxton ndiyo mahali maarufu panapobaki ambapo mashamba hayo bado yanalimwa na baraza lake bado linayatawala. Sura hii inaeleza jinsi mahali padogo hivi palivyoweza kujitawala kwa muda mrefu hivi, na kwa nini utawala huo haukufa ulipokufa kwingine. Jibu halimo katika mapenzi ya Waingereza kwa mambo ya kale. Limo katika kazi ya kulima, na katika bahati kadhaa ambazo hakuna aliyezipanga.

Mashamba matatu

Ardhi ya kilimo ya Laxton imegawanyika katika mashamba makubwa matatu: Shamba la Magharibi, Shamba la Kinu na Shamba la Kusini. Hakuna ua ndani yake. Kila shamba limekatwa katika ngwe ndefu, na ngwe za mkulima mmoja hazikai pamoja. Anazo katika mashamba yote matatu, zikiwa zimetawanyika katikati ya ngwe za wenzake.

Mgeni huuliza kwanza kwa nini wajisumbue hivyo. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, na si wote wa namna moja: kuna miteremko inayokauka upesi na mabonde yanayotuamisha maji mpaka majira ya kuchipua. Kuzitawanya ngwe kuligawa neema na hasara. Aliyepata ngwe nzuri juu ya kilima alipata pia mbaya bondeni. Umbo la ngwe lilitokana na maksai. Jozi kadhaa za ng'ombe wanaovuta plau nzito hazigeuki kirahisi, kwa hiyo mkulima alitaka kwenda mbali kabla ya kugeuza. Ngwe ikawa ndefu, nyembamba, na mara nyingi yenye mpindo kidogo kwenye ncha, pale maksai walipoanza kugeuzwa.

Mzunguko ni wa miaka mitatu. Shamba moja hupandwa ngano wakati wa vuli. La pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama vile shayiri, maharagwe au njegere. La tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata kila shamba husogea hatua moja. Kwa kuwa kila mkulima ana ngwe katika mashamba yote matatu, kila mmoja ana ngano, ana zao la pili, na ana ardhi inayopumzika.

Mpango huu ndio uliozaa serikali ya kijiji. Katika shamba lisilo na ua, hakuna mtu awezaye kuamua peke yake. Zamani, mavuno yalipokwisha, mifugo ya wote iliingizwa shambani kula mabua. Aliyechelewa kuvuna alikuta kondoo wa jirani ndani ya ngano yake, na aliyewahi kuingiza kondoo wake alikula jasho la mwenzake. Ilibidi siku ya kufungua shamba ipangwe, idadi ya mifugo ya kila mtu iwekewe kikomo, mifereji izibuliwe na mipaka ilindwe. Alihitajika pia mtu wa kukamata mifugo iliyopotea na kuifungia katika zizi la kijiji mpaka mwenyewe alipe. Zizi hilo bado lipo Laxton. Vibonde vya majani kati ya mashamba, ambapo plau haifiki kwa sababu ya mteremko au maji, vilikuwa na utaratibu wake. Hadi nyakati zetu majani yake yamekuwa yakiuzwa kwa mnada kila kiangazi, na si kila mpita njia aruhusiwaye kupandisha bei. Ni wenye haki ya malisho tu.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani Garrett Hardin aliandika makala mashuhuri akidai kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike, kwa kuwa kila mchungaji atazidi kuongeza mifugo mpaka nyasi ziishe. Malisho aliyoyawazia yalikuwa wazi kwa yeyote, bila mwenyewe na bila kanuni. Laxton haikuwa hivyo hata siku moja. Palikuwa na orodha ya wenye haki, kikomo cha mifugo, wakaguzi na faini. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba jamii nyingi duniani zimetunza mali za pamoja kwa taratibu kama hizo: mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, ukaguzi wa majirani, na adhabu inayoanza kidogo. Mkulima wa Laxton hakuhitaji kusoma vitabu vyake ili kuyajua hayo.

Bwana, mfalme na pauni mia

Tusije tukaupaka utawala huu rangi ya udugu mtupu. Ardhi ilikuwa ya bwana. Katika daftari kuu la ardhi lililoandikwa mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, Laxton imeandikwa chini ya Geoffrey Alselin, Mnormani aliyechukua nafasi ya mwenye ardhi wa awali. Kaskazini mwa kijiji bado kinaonekana kichuguu kikubwa cha udongo, mabaki ya ngome ya mabwana hao. Familia za de Caux na de Everingham, zilizorithiana milki hii, zilikuwa pia walinzi wa Msitu wa Sherwood kwa niaba ya mfalme. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli kuna sanamu za makaburi yao. Mojawapo, ya bibi wa ukoo wa Everingham, imechongwa kwa mbao, jambo adimu sana kwa sanamu za karne za kati.

Baraza lilikuwa la bwana, likaitishwa kwa jina lake, na faini ziliingia mfukoni mwake. Wakulima wengi hawakuwa watu huru kamili: walimlimia siku kadhaa kwa wiki na kulipa ada hata ya kuoza binti. Lakini baraza hilo hilo liliamua kwa kutumia kumbukumbu za wakulima. Bwana hakujua kigingi cha nani kilisimama wapi. Waliojua ni wale waliolima, na ndiyo maana jopo lilitoka kwao. Hapo palikuwa na ufa mdogo ambamo watu wa chini waliweza kusimama.

Na walisimama pamoja palipokuwa na hatari. Mwanzoni mwa karne ya 13, katika enzi za Mfalme John, watu wa Laxton waliingia katika kumbukumbu za hazina ya mfalme kwa kuahidi kulipa pauni 100 ili wapate amani naye, na kijiji chao kisiteketezwe. Pauni 100 zilikuwa mali nyingi mno kwa wanakijiji wa wakati huo. Walioahidi hawakuwa bwana wala padri. Walikuwa wanakijiji, wakisimama kama kitu kimoja. Hawakuwa na hati yoyote ya kuwatambua kama chombo cha kisheria, lakini hazina ya mfalme iliwaandika hivyo, nao wakadaiwa hivyo.

Ramani ya mfanyabiashara

Katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford kuna ramani kubwa ya Laxton iliyochorwa mwaka 1635 na mpima ardhi Mark Pierce. Inaonyesha kila nyumba, kila kiwanja na kila ngwe, zaidi ya 2,000, pamoja na kitabu kinachotaja mwenye kila moja. Kwa raha yake, au ya aliyemlipa, Pierce aliongeza watu: wengine wanalima kwa plau, wengine wanavuna, wengine wanawinda. Ni vigumu kupata picha nyingine ya kijiji cha Kiingereza cha wakati huo yenye undani kama huo.

Aliyeagiza ramani ni Sir William Courten, mfanyabiashara wa London mwenye asili ya Flanders. Fedha zake zilikuwa zimegharamia makazi ya kwanza ya Waingereza katika kisiwa cha Barbados, na mwaka huo huo wa 1635 kundi lake lilipewa na Mfalme Charles kibali cha kufanya biashara katika Bahari ya Hindi. Baada ya kifo cha Courten kundi hilo lilijaribu kuanzisha koloni huko Madagaska, likashindwa. Mtu wa namna hiyo hakuinunua Laxton ili ajifunze ukulima. Alitaka kujua kila ekari inaweza kumlipa nini. Kwa hiyo ile ramani tunayoistaajabia leo ilikuwa karatasi ya hesabu. Courten alifariki mwaka uliofuata, mambo yake yakiwa yameharibika, na baadaye milki ikaangukia ukoo wa Pierrepont, ambao wakuu wake walipanda vyeo mpaka kuitwa Earl Manvers.

Parokia: serikali ya pili

Wakati baraza la bwana lilitawala udongo, serikali nyingine ilikuwa ikikua kanisani. Mwaka 1538 makanisa yote yaliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1555 kila parokia ilitakiwa kuchagua wasimamizi wawili wa barabara, na kila mwenye nyumba kutoa siku 4 za kazi bila malipo kila mwaka, zikawa 6 baadaye, kujaza mashimo na kubeba mawe. Sheria ya maskini ya mwaka 1601 ikaongeza mzigo mkubwa kuliko yote: parokia ilipaswa kuwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye ardhi na nyumba. Kazi hiyo waliifanya wasimamizi wa maskini, wakulima wa kawaida waliopewa zamu ya mwaka mmoja bila mshahara. Zamu hiyo hakuna aliyeipenda.

Hebu tumfikirie mkulima huyo, wa Laxton au wa parokia yoyote ya jirani. Jumapili anasali karibu na mjane, Jumatatu anampelekea shilingi chache na kuni, Jumanne anagonga mlango wa binamu yake kudai kodi ya kumlisha mjane huyo. Kwa sababu fedha zilitoka kwa majirani, huruma ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa wa parokia. Sheria ya mwaka 1662 iliruhusu mgeni maskini arudishwe kwao ndani ya siku 40 kabla hajawa mzigo. Wanawake wajawazito wasio na waume walisukumwa haraka wavuke mpaka, ili mtoto azaliwe kwenye hesabu ya watu wengine. Kuanzia mwaka 1697 aliyepokea msaada alitakiwa kushona begani alama ya kitambaa yenye herufi P na herufi ya kwanza ya parokia yake. Ujirani uliolinda mipaka ya ngwe ndio huo huo uliomfukuza mjamzito barabarani. Anayeusifu utawala wa mahali padogo bila kulitaja hili hajamaliza hesabu.

Mwaka 1824, mjini Southwell, kusini mwa Laxton, ilijengwa nyumba ya kazi kwa mawazo ya padri na hakimu John Becher. Wanaume waliwekwa upande wao, wanawake wao, watoto wao. Mume na mke walioingia pamoja walilala mbalimbali. Kusudi lilikuwa kwamba msaada usitamaniwe na yeyote mwenye nguvu za kufanya kazi. Mfano huo ulichangia sheria ya mwaka 1834, iliyokusanya parokia katika miungano na kupeleka mambo ya maskini kwa bodi za wajumbe waliochaguliwa. Jengo bado limesimama, sasa ni makumbusho. Kwa vijiji, mwaka 1834 ndio mwaka ambao mamlaka ilianza kupanda juu, na haijaacha kupanda.

Tembo waliponuniana

Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za pamoja, zikigusa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nchi ya England. Utaratibu ulikuwa mmoja. Wenye ardhi wakubwa waliomba sheria. Makamishna walikuja na minyororo ya kupimia. Ngwe zilikusanywa na kila mwenye hati akapewa shamba moja lenye mipaka yake. Uzalishaji mara nyingi uliongezeka. Lakini gharama za wapima ardhi, mawakili na kupanda ua ziliwalemea wadogo, wengi wakauza. Na mtu wa kibanda, ambaye ng'ombe wake alikula malisho ya wote kwa desturi tu, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mwisho wake ulikuwa kibarua katika shamba la mwingine, au safari ya kwenda Nottingham au Manchester.

Laxton nayo ilikuwa njiani kuelekea huko. Katika karne ya 18 sehemu ya ardhi yake ilizungushiwa ua kwa makubaliano, na mashamba ya wazi yakapungua. Kilichozuia kumalizia ni kwamba palikuwa na wenye ardhi wakubwa wawili, Manvers na Earl wa Scarbrough, na hawakuweza kukubaliana juu ya kubadilishana ardhi. Kila mmoja aliona anapunjwa. Waswahili husema wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Laxton tembo walinuniana, na nyasi zikapona. Walipokuja kumaliza ugomvi, bei za nafaka zilikuwa zimeanguka kwa sababu ya ngano ya Marekani, na hakuna bwana aliyetaka kutumia fedha kupanda ua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Manvers aliziunganisha ngwe zikawa chache na pana zaidi, lakini mashamba matatu na baraza lake akayaacha.

Mwaka 1938 mwanauchumi wa kilimo C. S. Orwin, akishirikiana na mkewe, alitoa kitabu juu ya mashamba ya wazi kikitumia Laxton kama mfano, na wasomi wakaanza kumiminika. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza milki yake kwa Wizara ya Kilimo, ambayo ilinunua ili mashamba yale ya ngwe yasipotee.

Msomaji wa Afrika Mashariki aushike mwaka huo. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ilizindua mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo. Mpango uliona vishamba vilivyotawanyika vya Wakikuyu kuwa kizuizi cha maendeleo: viunganishwe, vipimwe, vipewe hati za mtu mmoja mmoja. Kulikuwa na faida, kwa mfano kahawa, ambayo Waafrika wengi walikuwa wamezuiwa kuilima. Lakini kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, maelfu ya wenye ardhi wakiwa kizuizini, na waliorudi walikuta mipaka imekwisha kuchorwa bila wao. Dola ile ile ilitumia fedha za umma kuhifadhi ngwe zilizotawanyika za Nottinghamshire, huku ikizifuta zile za Kiambu na Nyeri. Tofauti haikuwa katika udongo wala katika ustadi wa wakulima. Laxton walikuwa wameshaonekana kuwa historia. Kiambu walionekana kuwa tatizo.

Nani anatawala sasa

Mwaka 1894, katika siku za mwisho za uongozi wa waziri mkuu Gladstone, Bunge lilitenganisha parokia ya serikali na parokia ya kanisa. Vijiji vikapata mabaraza ya parokia ya kuchaguliwa, na mahali padogo zaidi pakapata mkutano wa parokia, ambapo wapiga kura wote ndio baraza. Wanawake, wakiwemo walioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea katika ngazi hii, miaka 24 kabla hawajaruhusiwa kuchagua wabunge. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba mwaka huo huo, na mahali pengi vibarua waliketi meza moja na mwenye shamba aliyewaajiri.

Mfumo huo bado upo. Leo parokia mpya yenye wapiga kura wasiozidi 150 kwa kawaida haipewi baraza. Inatosheka na mkutano. Yenye 1,000 au zaidi hupewa. Kati ya hapo uamuzi hutegemea hali. Laxton na Moorhouse wako pamoja katika parokia moja. Baraza la parokia lina karani, madiwani wasiopungua watano ambao kwa kawaida hawalipwi, na sehemu ndogo ya kodi ya nyumba inayokusanywa kwa niaba yake na wilaya. Linatunza mabenchi, mbao za matangazo na viwanja, na linatoa maoni juu ya maombi ya ujenzi. Maoni tu: anayeamua ni Halmashauri ya Wilaya ya Newark na Sherwood, iliyoundwa mwaka 1974, ambayo pia huzoa taka. Barabara, shule na huduma za wazee ziko chini ya Halmashauri ya Mkoa wa Nottinghamshire, iliyopo tangu mwaka 1889. Mkazi wa Moorhouse anayelalamikia shimo barabarani huenda mbali zaidi kuliko babu yake, aliyelijaza kwa koleo. Na ngazi hizo zinasogea tena: Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuunganisha halmashauri za wilaya na mikoa ziwe moja moja kubwa zaidi.

Pembeni ya ngazi zote hizi lipo lile baraza la kwenye baa. Mwaka 1977 Bunge lilisafisha mabaki ya mahakama za kale. Mabaraza ya milki yaliyosalia nchini yaliruhusiwa kuendelea na sherehe zao lakini yakanyang'anywa mamlaka ya kusikiliza mashauri. La Laxton liliachiwa yake. Sababu ilikuwa nyepesi: huko kwingine watu walikuwa wakiapishwa kuonja bia na kuvaa majoho, na hapa bado kulikuwa na mipaka ya kukagua. Mwaka 1981 milki ilihamia kwa Makamishna wa Mali za Taji, na mwaka 2020 ikauzwa kwa milki ya Thoresby, yaani ikarudi kwa warithi wa ukoo uleule uliokuwa umeiuza mwaka 1952. Mwenye milki alibadilika mara tatu katika miaka 70. Jopo liliendelea kutoka na vigingi vyake kila Novemba.

Hatari ya Laxton sasa haitoki bungeni wala kwa bwana. Shamba la ngwe halimpi mkulima faida inayolingana na usumbufu wake, mashine zimezidi kuwa pana, na familia zinazolima zimepungua kizazi baada ya kizazi, huku nyumba zikinunuliwa na watu wanaofanya kazi mjini. Watu hao wanaweza kuwa madiwani wazuri wa parokia, maana udiwani unahitaji muda na subira. Jopo linahitaji mtu ambaye, akiutazama mfuo, anajua kama plau iliteleza au ilisukumwa makusudi, na ambaye mwakani ngwe yake itatazamwa na yule aliyemtoza faini. Bila wakulima wa kutosha kukaguana, baraza litabaki na sheria yake, msimamizi wake na orodha yake ya majina, nalo litakuwa limejiunga na yale mengine ya majoho na bia. Mwenye milki anayetaka kuihifadhi Laxton aanze na mikataba ya upangaji inayomwezesha kijana kulima hapo na kuishi.